Picha za mashuhuri na baiskeli zao: nne nimezitundika, moja niliirudisha

Nauza spea za baiskeli Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya Tukuyu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nikiona picha ya mtu na baiskeli, macho yangu huanzia kwenye rimu, hupanda kwenye cheni, yakazunguka usukani, ndipo yanafika usoni. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue picha hizi zinapimwa na nani.

Mwezi wa saba, katika ile baridi yetu ya kuvaa masweta mawili, nilikwenda mjini kufuata mzigo wa tairi. Nyuma ya soko la Sokomatola kuna duka dogo la kusafisha picha na kutengeneza fremu. Kijana wa pale ametundika ukuta mzima wa picha za zamani, nyeusi na nyeupe: watu mashuhuri wa dunia, kila mmoja na baiskeli yake. Nilisimama mpaka kijana akaniletea kigoda. Saizi ya A4 yenye fremu ya mbao na kioo ni shilingi 18,000, ya A3 ni 30,000. Nilichukua kubwa mbili na ndogo tatu, jumla 114,000, akanipunguzia hadi 105,000.

Kubwa ya kwanza ni ya wanasayansi Marie na Pierre Curie, mke na mume, ya mwaka 1895, na hii nisingeiacha hata kwa bei mara mbili. Wamesimama, kila mmoja na baiskeli yake, mama huyo ana kofia kichwani, hacheki wala hakununa. Walioana Sceaux, karibu na Paris, Julai mwaka huo. Pesa waliyotunzwa harusini wakanunulia baiskeli, fungate yao ikawa kuzunguka nazo mikoani Ufaransa. Miaka minane baadaye walipata tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka 1911 Marie akapata ya pili, ya kemia, Pierre akiwa amekwisha kufa kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi mwaka 1906. Wengi wanajua habari za Nobel. Kinachonigusa mimi ni zile baiskeli mbili. Marie angeweza kubebwa kwenye keria kama tulivyobebwa wengi wetu siku za harusi, lakini alikuwa na yake.

Mimi nilijifunza kwa baiskeli ya baba, aina ya Phoenix, Rungwe, nikiwa na miaka kumi. Bomba la juu lilinifika kifuani, kwa hiyo nilipenyeza mguu wa kulia chini ya bomba, mwili umepinda upande mmoja, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeng'ang'ania siti. Ukiwahi kuendesha hivyo unajua goti linavyochubuliwa na kava la cheni. Bibi mmoja jirani alimwambia mama kwamba mtoto wa kike haendeshi baiskeli, ataharibika. Mama akamjibu kwamba mashine ya kusaga iko mbali na debe la mahindi halina miguu. Ndiyo maana picha ya Curie nimeitundika mkabala na mlango, anayeingia aanze nayo.

Kubwa ya pili ni ya Major Taylor, na hii ndiyo inayosimamisha wateja. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Indianapolis mwaka 1878, na mwaka 1899 kule Montreal, Kanada, akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli. Mwaka 1899, jamani! Wakati huo huo kulikuwa na viwanja Marekani alivyokatazwa kukanyaga kwa sababu ya rangi yake, na wapinzani waliomsukuma na kumzingira njiani. Jumapili hakushindana, alikuwa mtu wa dini. Baiskeli yake ni ya mbio za uwanjani: haina breki, haina madigadi, haina keria, haina hata kengele. Mzee mmoja anayeleta ndizi mjini kwa baiskeli aliitazama huku fundi akimkazia spoki, akauliza, "Mama, sasa huyu anasimamaje?" Nikamweleza kwamba gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja na pedeli, halina friwili, kwa hiyo mguu ukipunguza, baiskeli inapunguza. Mzee akafikiri kidogo, akasema mteremko wa Igawilo angeufia. Ni kweli, ndiyo maana zile ni za kiwanjani tu.

Taylor alifariki Chicago mwaka 1932 akiwa fukara, akazikwa kaburi la maskini, mpaka mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani walipompatia mahali pa heshima. Maelezo chini ya picha hayataji lolote kati ya hayo; yameandikwa jina na mwaka tu. Namshauri kijana aongeze mistari miwili. Mtu anayelipa 30,000 anastahili kujua anamtazama nani.

Ya ndugu Wright, wale wa ndege, nimewatundikia mafundi wangu. Ni Wilbur kwenye mashine ya kukereza vyuma, katika karakana yao ya baiskeli Dayton, Ohio, mwaka 1897. Hajapanda chochote, anafanya kazi. Ndugu hao wawili walifungua duka la baiskeli mwaka 1892, kuanzia 1896 wakaunda za kwao, na tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ikaruka kwa sekunde 12, mita 36 hivi. Mapanga ya ndege ile yalizungushwa na injini kwa kupitia cheni na sproketi. Fundi wangu mdogo, ambaye ndugu zake humwambia kazi ya baiskeli haina mbele, aliposikia habari ya cheni alinyamaza, akaenda kuiangalia tena kwa karibu.

Ya Tolstoy ni ya kawaida. Habari yake ni nzito: mwandishi huyo wa Urusi alijifunza baiskeli akiwa na miaka 66, mwaka 1895, muda mfupi baada ya kufiwa na mwanawe wa mwisho ambaye hakuwa amefikisha miaka saba. Lakini picha yenyewe imevutwa kutoka kwenye faili dogo, ndevu zimekuwa kama pamba iliyolowa na spoki hazihesabiki. Kwa ubora huo 18,000 ni nyingi.

Sasa ile niliyoirudisha. Einstein, amepanda baiskeli, anacheka kama mtoto, na nyuma yake kuna wingu kubwa la bomu la atomiki, lenye umbo la uyoga. Dukani niliona ni ya kuvutia. Nilipofika nyumbani nikaivaa miwani na kusoma maandishi ya chini: California, 1933. Bomu la kwanza la atomiki lilijaribiwa Julai 1945, New Mexico. Mwaka 1933 hapakuwa na wingu la namna hiyo popote duniani. Mtu alichukua picha halisi, iliyopigwa Santa Barbara, akabandika mlipuko nyuma.

Iliniumiza kuliko kioo kuvunjika. Einstein alisaini barua ya mwaka 1939 kwa Rais Roosevelt wa Marekani kuonya kwamba Wajerumani wanaweza kuunda silaha hiyo, na baadaye alijutia sana. Kumweka mtu huyo anaendesha baiskeli huku akicheka, watu wakiungua nyuma yake, ni kumsingizia. Na ni kuisingizia baiskeli pia. Siku ile hakukuwa na lolote ila mzee wa miaka 53 na raha ya magurudumu mawili. Mwaka 1930 alikuwa amemwandikia mwanawe Eduard kwamba binadamu ni kama baiskeli, hupata mizani akiwa anakwenda. Hiyo ndiyo picha niliyoitaka.

Nilirudi kesho yake. Kijana akaniamkia, "Shikamoo mama, fremu imeachia?" Nikamwonyesha mwaka, nikamhesabia. Hakubishana. Alikiri ameitoa intaneti bila kuichunguza, akatafuta ile halisi, akaisafisha na kubadilisha ndani ya fremu ile ile kwa dakika arobaini, bila kunidai hata mia. Zile nakala mbili za bomu zilizobaki ukutani akazishusha mbele yangu. Kwa huduma hiyo nampa alama zote.

Mbao za fremu ni nzuri, kona zimekaa sawa, karatasi haing'ai kupita kiasi, hivyo mwanga wa taa haukufichii picha. Kasoro kubwa ni ufungaji: picha zangu zilifungwa kwa gazeti na kamba, na kioo cha Tolstoy kilifika Uyole na ufa kwenye kona.

Jambo jingine: ukutani hakuna Mtanzania hata mmoja. Wazee wetu walihubiri, walifundisha, walipeleka barua na chanjo kwa baiskeli milima yote hii, baadaye wakapanda hadi baiskeli za Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini. Nilimuuliza, akasema hana picha, ila atakayeleta ya zamani atainakili palepale na kumrudishia, 5,000. Nampelekea ya baba na Phoenix yake Jumamosi.

Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi, Jumapili hafungui. Ukitoka Tukuyu au Chunya nenda na blanketi au boksi gumu, uifunge picha mwenyewe, na kwenye gari uishike mapajani.