Matone ya natamisini asilimia 5 kwa fangasi wa konea: yanafaa wapi, yanashindwa wapi

Kwa kidonda cha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kilicholetwa na fangasi wenye nyuzi, hasa aina ya Fusarium, natamisini ndiyo matone ya kuanza nayo. Katika jaribio lililofanyika India na kuchapishwa 2013, wagonjwa 323 walipewa ama natamisini ama vorikonazoli asilimia 1. Waliopata natamisini waliishia kuona vizuri zaidi na konea zao hazikutoboka sana. Kwa wenye Fusarium tofauti ilikuwa kubwa mno. Vorikonazoli ndiyo dawa mpya na inapenya vizuri, lakini haikufua dafu.

Kasoro ya kwanza utaiona kwenye chupa yenyewe. Dawa haiyeyuki, ni unga mweupe uliochanganywa na maji, nao hutuama chini. Asiyetikisa vizuri kila mara anajidondoshea maji yenye dawa kidogo, kisha chupa ikikaribia kuisha anatoa uji. Unga huo hung'ang'ania juu ya kidonda na kujikusanya ndani ya kope la chini. Usiudhanie usaha, na usiusugue: kukaa pale kwenye kidonda ndiko kunakoisaidia kazi.

Dozi ni tone moja kila saa 1 au 2 kwa siku 3 hadi 4 za mwanzo, na usiku mtu anaamka. Baadaye ni mara 6 hadi 8 kwa siku, ikipunguzwa polepole, kwa siku 14 hadi 21 au mpaka kidonda kiishe. Kama kuna matone mengine, acha dakika 5 katikati, la sivyo tone la pili linaliosha la kwanza. Wengi huacha dawa maumivu yakipungua, na hapo ndipo fangasi hurudi.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba molekuli yake ni kubwa, kwa hiyo hupenya ndani ya konea kwa shida. Daktari akikwangua kidonda anapata sampuli ya hadubini na pia anaifungulia dawa njia. Kukwangua kuje kabla ya tone la kwanza. Vikionekana chembe za hamira kama Candida badala ya nyuzi, amfoterisini B asilimia 0.15 ndiyo chaguo bora. Hiyo huandaliwa na mfamasia kwa maji safi ya sindano. Maji ya chumvi huifanya igande.

Matone yenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na wekundu, yasiguswe katika hatua hii. Wekundu utapungua huku fangasi wakichimba chini kwa chini.

Dalili nzuri ni kingo za kidonda kuwa butu na vidoa vya pembeni kufifia. Utando wa juu ukichelewa kufunga, huenda ni dawa yenyewe inayouchubua. Siku 7 hadi 10 zikipita bila nafuu yoyote, sampuli irudiwe, kwani huenda mdudu ni mwingine. Kidonda kirefu kinachokaribia kutoboka hakisubiri chupa nyingine. Mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa anayepandikiza konea.