Rodi ya kuvulia trauti niliyoipeleka Unguja Ukuu, uzoefu wangu

Asalaam aleikum. Mie mshipi wa mkono nnaujua toka mdogo, ndoana, chubwi na kipande cha ngisi, basi. Disemba nikapita pahala mjini wanapouza vitu vya kontena nikaona rodi jembamba la vipande vinne, ukiliunga linafika futi 9, limeandikwa namba 5, pamoja na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, na kiboksi cha ndoana ndogo zilizofungwa manyoya. Muuzaji mwenyewe hajui kitu, kaniambia hiyo ya baharini hiyo, nikampa 80,000 tukaachana.

Nikamtumia picha shemegi yangu aliyeko Uingereza, alicheka huyo! Akaniambia hiyo ya kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi, hata Kenya wapo kule mito ya Mlima Kenya, wazungu ndo waliowapeleka. Na hayo manyoya ndo nzi wa bandia, samaki anadhani mdudu kaanguka majini. Anasema kwao mwezi wa sita jua likianza kukaza wanavua alfajiri tu, wengine wanabeba na kipimajoto, maji yakifika kama nyuzi 20 wanakunja vitu wanarudi nyumbani, maana maji yakipata moto hewa ndani yake inapungua, samaki akishapigana na mshipi anachoka kabisa na hata ukimrudisha anaweza kufa. Nikamuuliza kumrudisha wapi? Akanambia majini. Yakhe, niliinyamazia.

Haya, nikenda nayo Kaepwani, huko huko Unguja Ukuu, maji yakijaa. Kuirusha ndo kazi na ndo raha yake, kwa sababu chubwi hamna na nzi hana uzito wowote, uzito uko kwenye uzi wenyewe, mnene una ngozi ya plastiki unaelea, sasa unauvuta nyuma unasubiri unyooke wote mgongoni ndo unasukuma mbele, ukiwa na haraka tu unakuangukia kichwani. Siku ya kwanza nzi kaninasa kofia mara mbili. Kulikuwa na mzee anashona nyavu kivulini, ananitazama weee, mwisho akaniita, "Mwanangu, huo upepo wauchapa, umekukosea nini?"

Siku ya tatu nikapata kolekole mdogo, kama kiganja hivi, lakini rodi ilipinda mpaka mkononi, wallahi kwa mshipi wa mkono samaki yule ungemvuta bila kumsikia. Hapo nikaipenda. Wiki ile ile kikanikamata kitu chengine sikukiona hata sura, kikakata kikenda zake na nzi wangu, shemegi anasema baharini watu wanatumia rodi namba 8 au 9, zenye nguvu zaidi, hiyo 5 ni ya visamaki.

Sasa tuje kwenye ubaya. Joto la kaskazi mnalijua, ikifika saa nne asubuhi ule uzi unalainika unanata kama ubani uliotafunwa, haupiti tena kwenye vile vipete vya rodi, unarusha unaishia miguuni kwako. Kumbe nyuzi za trauti zimetengenezwa kwa maji baridi, za nchi za joto zipo lakini ni nyengine, ngozi yake ngumu zaidi. Kwa hiyo mie nikawa navua alfajiri mpaka jua likianza kuchoma, sawa sawa na hao wa Uingereza, ila wao wanamhurumia samaki mie nauhurumia uzi. Na rili ndo msiba kabisa, si ya maji ya chumvi, nilikuwa naifuta kwa kitambaa tu nikidhani inatosha, wiki mbili ikaanza kulia, ya tatu ikaganda. Ningekuwa naiosha kwa maji matamu kila nikirudi labda ingefika mbali kidogo.

Kwa hiyo rodi lenyewe naipa nyota nne, uzi nyota moja, rili sina la kusema. Ukiiona mahala nunua rodi peke yake, usikubali kuuziwa seti, na kabla hujatoa pesa ziangalie zile pete moja moja, yangu moja ilikuwa na ufa nikaja kuiona nyumbani. Kwa mboga ya watoto lakini bado nabeba mshipi wangu wa mkono, tena namuachia chubwi azame.

Rili ninayo bado, mwenye kutaka spea aje aichukue bure.