PET na MRI: mmoja hufuata sukari, mwingine damu

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mashine mbili za kupiga picha za ndani ya mwili, PET na MRI, huchungulia ulaji huo.

PET hufuata sukari yenyewe. Unachomwa sindano ya glukosi (sukari) iliyotiwa florini-18, atomi inayotoa mionzi, unalala kimya nusu saa au zaidi seli zikiifyonza. Picha unayopata ni ya kipindi chote hicho. Na mionzi yake hupungua nusu kila dakika 110, hivyo dawa haiwekwi akiba.

MRI ya utendaji, iliyotokana na kazi ya mwanasayansi Seiji Ogawa mwaka 1990, haihitaji sindano: damu yenye oksijeni na iliyopungukiwa nayo hazifanani mbele ya sumaku. Chezesha vidole, na sekunde tano hivi baadaye eneo la ubongo linaloongoza mkono linajitokeza. Mtego upo hapo: kinachoonekana ni damu, si nishati yenyewe. Mwaka 1986 watafiti Fox na Raichle walionyesha kwamba, eneo la ubongo lilipochochewa, mtiririko wa damu uliongezeka kwa asilimia 29, ilhali matumizi ya oksijeni yalipanda asilimia 5 tu. Bomba zima limefunguliwa kujaza kikombe! Ndiyo maana, kwa swali la nishati, mimi bado naiamini zaidi PET, ingawa ni ya polepole.