Kumvusha mtoto wa mbwa mpakani: tathmini ya kliniki moja ya mifugo mjini Mtwara

Kliniki ninayoizungumzia ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo mjini Mtwara, na sitaitaja jina kwa kuwa pamoja na mengi ya kuisifu ninayo pia ya kuilaumu. Niliifuata baada ya dada yangu anayeishi Nampula, Msumbiji, kuomba mtoto wa mbwa aliyezaliwa nyumbani kwetu, na baada ya muuzaji mmoja wa pembejeo kunihakikishia kwamba sindano moja na karatasi yenye mhuri vingetosha kumfikisha mnyama ng'ambo ya Ruvuma.

Daktari hakuanza na sindano. Aliuliza kwanza umri wa mbwa na nchi anayokwenda, kisha akachukua kalenda na kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya safari, na kwa maoni yangu fedha ya mteja hulipia hesabu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Kwa safari za nje, chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huhesabika ikiwa mnyama ametimiza wiki 12, kwa sababu mdogo zaidi ya hapo bado ana kinga aliyoipata kwa mama yake, nayo huweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Na baada ya sindano ya kwanza nchi nyingi hutaka zipite walau siku 21 ndipo mnyama avuke. Mteja aliyenitangulia alikuwa na mbwa wa miezi miwili na safari ya wiki iliyofuata, na daktari alimwambia waziwazi kwamba hana cha kumuuzia, ingawa angeweza kabisa kuipokea fedha yake.

Chipu ya utambulisho yenye tarakimu 15 huwekwa chini ya ngozi ya shingo kabla ya chanjo au siku hiyo hiyo, kwa maana nchi za Umoja wa Ulaya haziitambui chanjo iliyoitangulia chipu. Kliniki hii hufuata utaratibu huo hata kwa anayekwenda Msumbiji, na wapo wanaoiona kuwa ni gharama ya bure. Mimi naona ni sahihi, kwani cheti kisicho na namba kinaweza kuwa cha mbwa mwekundu yeyote wa Mikindani. Namba ilisomwa kwa kifaa mbele yangu, ikaandikwa kwenye kadi, na lebo ya kichupa cha chanjo ikabandikwa kando yake. Niliridhika pia kuona kipimajoto ndani ya friji, maana chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu tunaujua.

Cheti cha afya cha kuvukia hutiwa saini na daktari wa mifugo wa Serikali, na kibali cha kusafirisha hutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, hivyo kliniki binafsi haiwezi kuvitoa. Kliniki hii hukusaidia kuandika maombi bila makosa, kisha unafuatilia mwenyewe. Kibali cha kuingiza mnyama Msumbiji, ambacho huandikwa kwa Kireno, alikishughulikia dada yangu, na sikuona mtu pale kliniki ambaye angeweza kukisoma. Tulipita Masasi na Mangaka hadi Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, na mkaguzi akalinganisha namba ya chipu katika kila karatasi kabla ya kuturuhusu.

Kwa wanaohamia Ulaya mambo ni marefu zaidi. Kwa kuwa Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa, mbwa hupimwa damu siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, kiwango cha kinga kifike walau yuniti 0.5 kwa mililita, kisha hungojwa miezi mitatu tangu siku damu ilipochukuliwa, kwa hiyo mtoto wa mbwa hawezi kuingia huko kabla ya kukaribia miezi saba. Marekani nayo, tangu Agosti 1, 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi sita.

Kwa safari hizo za Ulaya ndipo huduma ya kliniki inapolegea. Sampuli ya damu lazima ifike katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kliniki haina utaratibu unaoeleweka wa kuituma; jirani yangu alitajiwa gharama moja mwanzoni na nyingine damu ilipokwisha kuchukuliwa. Bei hazijabandikwa popote, na risiti hutolewa kwa anayeidai. Anayekwenda Msumbiji asisite kuitumia kliniki hii, mradi aulize gharama zote mapema. Anayekwenda Ulaya namshauri afanyiwe chipu na chanjo hapa, kisha akachukuliwe damu Dar es Salaam, ambako usafirishaji wa sampuli kwa ndege ni rahisi zaidi.