Flisi ya kupandia mlima: tazama pindo la nyuma kabla hujatoa hela

Desemba iliyopita nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nikiwa na flisi, ile nguo ya joto ya kitambaa chepesi chenye manyoya laini, niliyoinunua kwenye duka moja la vifaa vya mlima mjini Moshi. Shilingi 70,000, mpya, lebo bado inaning'inia, na muuzaji ameniapia kwamba ni orijino. Kambi ya Mandara haikunisumbua, ya Horombo pia haikunisumbua. Balaa lilianza kwenye ule uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, ambako hakuna mti wa kukukinga na upepo. Kila nikipiga hatua begi linaisukuma flisi juu. Naishusha, dakika tano hazijaisha imeshapanda tena, na juu kidogo ya mkanda wa begi kinabaki wazi kipande cha mgongo upana wa kiganja, kimelowa jasho, kinapigwa na upepo.

Tuliondoka kambi ya Kibo saa sita usiku. Koti la nje nilikuwa nalo, lakini koti la nje halileti joto, linazuia upepo tu. Joto linatunzwa na nguo ya kati, na ya kwangu ilikuwa imejikunja kama mkufu chini ya mbavu. Baridi ikaniingia kiunoni ikashuka hadi kwenye nyonga. Nilifika Gilman's Point, mita 5,685, mikono ikitetemeka kiasi kwamba kifuniko cha chupa ya chai kilinishinda. Kiongozi wangu akaninong'oneza, "Dada, leo tunaishia hapa." Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nikakiacha.

Tangu siku hiyo nimejaribu flisi na sweta kumi na moja, za kununua, za kuazima na za kukodi. Huu ndio mpangilio wangu. Rangi, kofia na idadi ya mifuko sitavigusa, hayo kila mtu anajiamulia mwenyewe. Ninachokitazama kwanza ni urefu wa pindo la nyuma, kwa sababu sijaona muuzaji anayekutajia, na ndicho kilichonirudisha njiani.

Nguo ya kati ni ile inayokaa juu ya ile inayogusa ngozi na chini ya koti la mvua. Kazi yake ni kushika joto huku ikipitisha jasho. Ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa kama nyuzi 6. Moshi iko mita 800 na ushee, kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 pale mjini ni kama sifuri kule kileleni, na hapo hujahesabu usiku wala upepo. Ukiwa unatembea mwili unachemka, ukisimama dakika tatu unapoa. Nguo inayobaki na maji ndani yake itakugeuka hapo hapo.

Sasa pindo. Flisi nyingi zimekatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wima mikono chini, kama anapigwa picha. Mlimani hakuna anayekaa hivyo. Unainama kufunga kamba za viatu, unanyoosha mikono kukumbatia mawe pale Ukuta wa Barranco, unachuchumaa. Kila mara bega linavuta nguo juu, na mkanda wa begi unaizuia isirudi chini. Kwa wanawake wenye nyonga ni mbaya zaidi, maana pindo likishapita sehemu pana haliteremki tena lenyewe. Na hizi flisi zinazoitwa za kike ndizo zinazokatwa fupi kuliko zote, eti zionyeshe kiuno! Mimi siku hizi nanunua ya kiume, saizi moja chini, na ninawashauri dada zangu wote wafanye hivyo.

Kipimo changu ni hiki. Vaa flisi, chomekea ndani ya suruali, vaa begi lenye unga kilo tano na chupa mbili za maji, funga mkanda wa kiunoni. Panda na kushuka ngazi mara ishirini. Nyoosha mikono juu kabisa, kisha inama ushike vidole vya miguu, kisha chuchumaa. Mtu mwingine akutazame mgongoni. Pindo likichomoka, hiyo nguo irudishe. Dukani, kama hawakuruhusu kuvaa begi, basi nyoosha mikono tu: pindo la nyuma libaki limefunika mfuko wa nyuma wa suruali angalau nusu yake. Muuzaji akikukatalia hata hilo, ondoka.

Ya kwanza: R1 ya Patagonia. Nasema wazi kwamba naipenda na sitajifanya nipo katikati. Ni ndefu, inachomekeka na kubaki ilikochomekewa, hasa ile yenye kofia, ambayo watu wanaokwea kwa kamba waliipenda kwa sababu haichomoki chini ya mikanda yao. Ukiigeuza ndani unaona vijiraba vidogo vidogo vya manyoya vilivyopangwa kama karatasi ya hesabu, na kati yake mifereji. Vijiraba vinashika joto, mifereji inapitisha jasho. Kitambaa ni cha Polartec, kampuni iliyoanzia Massachusetts, Marekani, na ambayo zamani iliitwa Malden Mills, ndiyo iliyoanzisha flisi tunayoijua leo. Yangu haifiki gramu 400. Niliipima kwenye mizani ya duka la sukari. Niliiloweka, nikaikamua, nikaianika kivulini saa nne asubuhi, saa saba mchana ilikuwa imekauka mpaka kwenye mishono ya kwapa.

Mpya inauzwa Marekani zaidi ya dola 100, na sijasema ununue mpya. Nenda Memorial, soko la mitumba la Moshi. Yangu niliipata pale kwa shilingi 35,000 baada ya kuvutana bei karibu nusu saa. Namna ya kuitambua: usiiamini nembo ya kifuani, hiyo inashonwa popote. Ingiza mkono ndani, ufuate mshono wa ubavuni, utakuta kilebo cheupe kidogo. Tafuta herufi STY zikifuatiwa na namba, halafu FA au SP na tarakimu za mwaka; hiyo ni namba ya toleo na msimu wake. Kwenye yangu kilebo kimekwisha rangi, ikabidi nikiinue juani ndipo nisome. Kisha tazama vijiraba vya mgongoni, pale begi linapolala. Vikiwa vimelala bapa na kung'aa, mwenzio ameshaitumia ikaisha, usilipe zaidi ya shilingi 10,000.

Ya pili: flisi nyingine yoyote ya vijiraba yenye lebo ya Polartec. Utakuta za Mountain Hardwear, za Marmot, za The North Face. Kitambaa kinaweza kuwa kizuri sawasawa na cha R1. Mkato ndio unaobadilika, kwa hiyo kipimo cha mikono juu usikiruke.

Ya tatu: sweta la sufu laini ya merino. Linakupa joto hata likilowa, na siku sita za njia ya Machame halinuki. Lakini linachelewa kukauka, na nondo wakiliona hulioni tena. Uzuri wake mwingine ni kwamba sweta lina mvutano, linaifuata nyonga, halipandi ovyo. Ukilipata refu na jepesi, lichukue. Sweta zito la bibi, lile la kusokotwa kwa uzi mnene, liache nyumbani. Likilowa linakuwa mzigo wa pili.

Ya nne: jaketi la kujaa, lile lenye mito mito. Watu wengi wananiandikia wanaliita nguo ya kati. Ni nguo ya kupumzikia. Lianze kazi ukifika kambini au kwenye mapumziko ya usiku wa kileleni. Ukitembea nalo kwenye mwinuko utatota, na kama ndani ni manyoya ya bata, yakilowa yanashikana madonge na joto linakwisha.

Za bei ndogo. Flisi nyembamba ya Quechua inatosha kwa maporomoko ya Materuni au kutembea Usambara. Flisi nene zile za kama blanketi ni za kukalia jioni. Na hudi ya pamba, hata ikiwa shilingi 5,000, usipande nayo. Pamba inakunywa jasho na haiachi. Sina zaidi hapo.

Ila bei nina la kusema, na limenikaa kooni. Ingia dukani uulize flisi, ni 25,000. Taja neno mlima, ni 60,000. Ikifika Desemba, Watanzania wenzetu wanapojiandaa kuwa kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru, bei inapanda kabla sisi hatujapanda. Wengine wanakutajia kwa dola, mimi niliyezaliwa Kiboriloni! Kule Memorial nako, belo likifunguliwa alfajiri, wenye maduka ya kukodisha wanakuwa wameshasimama pale na tochi, wanachambua zile za gredi ya kwanza zote, halafu jioni unaikuta nguo ile ile ukutani inakodishwa kwa siku. Kwa wiki moja umeshalipa bei ya kuinunua. Nawaambia wasomaji wa Nairobi wanaojiandaa kwa Point Lenana ya Mlima Kenya kwamba kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi ni vivyo hivyo: amka mapema au ununue masalia.

Na wanaoumizwa kuliko wote si sisi tunaopanda mara moja kwa mwaka. Ni wagumu, wapagazi wetu, wanaopanda mwezi baada ya mwezi. Nimemwona kijana Horombo, kilo ishirini kichwani, kavaa fulana ya pamba na sweta la shule limetoboka kiwiko. Kwa wapagazi wanaosoma hapa: pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaowaazima nguo za mlimani bila malipo. Nenda kabla ya safari, usikodi kwa hela ya posho yako, na ukiwa pale nyoosha mikono juu kama nilivyoeleza, usipokee fupi.

Kama umeshanunua fupi kama mimi, usiitupe. Ile yangu ya 70,000 niliipeleka kwa fundi cherehani na flisi nyingine kuukuu ya shilingi 3,000. Alikata kipande cha sentimita 15 akakiunga nyuma, kutoka ubavu hadi ubavu, kikiwa kimepinda kama mkia wa shati. Kuna mambo matatu ya kumwambia fundi. Atumie uzi wa poliesta, kwa sababu wa pamba unalowa na kuoza. Ashone kwa zigizaga, maana flisi inavutika na mshono mnyoofu utakatika ukiinama. Na mshono ule asiuweke kiunoni kwenyewe, unapokaa mkanda wa begi. Aushushe vidole vitatu chini yake, la sivyo siku ya pili utakuwa na mchubuko. Alinitoza 4,000. Nimeivaa pamoja na begi la kilo nane hadi Materuni na kurudi, na haikuchomoka.