Kipindi cha afya redio jamii: kizuri, ila saa 4 ya bamvua nani yuko nyumbani?

Nawapa nyota 4, ya tano naibana na ntasema kwa nini. Ni redio jamii moja ya huku kwetu Pemba, jina sisemi, ina kipindi cha afya cha nusu saa kwa familia zilohamia, wafyatua matofali, wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi mbali na kwao, wachuma karafuu na wake zao, watu ambao hapa hawana bibi wala shangazi wa kumgongea mlango mtoto akichafukwa tumbo usiku.

Mie nasikiliza na jirani yangu, dada wa Mwanza, simu tunaiegesha juu ya kinu. Siku ya kuharisha ndo ilonifurahisha. Mtangazaji kasema maji lita moja, sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko, akapita zake. Jirani kashaingia ndani katoka na kijiko cha kupakulia wali! Nikapiga simu pale pale, bahati daktari yumo studio, akasema la, ni kijiko kidogo cha chai, ukifute juu kisijae kilima, chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na maji yawe yamechemshwa yakapoa. Akarejea mara 3 pole pole mpaka jirani akabadilisha kijiko. Sasa karatasi ya kubandikwa ukutani ungeipigia simu?

Siku ya chanjo nayo nzuri, waliambiwa hata kadi ikipotea njiani mtoto apelekwe tu kituoni, na surua ni mara 2, miezi 9 na miezi 18.

Ila siku ya malaria waliboronga. Kweli huku imepungua sana na wengine hukutwa nayo wakitoka safari Bara, lakini mtangazaji kasema eti "wageni wanatuletea", jirani yangu akazima simu kimya akaendelea kuchagua mchele, wiki nzima hakusikiliza. Kwani sie tukenda harusi Tanga haturudi nayo? Mwambie mtu ukitoka safari ukapata homa kapime siku hiyo hiyo, basi, mengine ya nini.

Na saa yenyewe jamani, saa 4 asubuhi, siku za bamvua ndo bahari inakupwa mbali, maji yametoka, wanawake wote wako pwani kwenye mwani. Nimewatumia meseji mara mbili warejee kipindi baada ya isha, wamenijibu "tumepokea, ahsante kwa kutusikiliza".