Kisanduku cha dawa chenye kengele: kisanduku nakisifu, kengele wangebaki nayo dukani

Ni kile cha plastiki, siku saba, kila siku ina vyumba vinne, na ubavuni kuna kisaa cha kutega. Nilikinunua Ngamiani, hapa Tanga, shilingi 25,000. Kando yake palikuwa na cha kawaida kisicho na saa, 6,000. Binti yangu akasema, mama, chukua chenye kengele, wewe siku hizi unasahau. Ni kweli, nasahau.

Kiharusi changu kilikuwa kidogo, ndivyo daktari alivyosema baada ya kupigwa picha ya kichwa: kimshipa kimeziba. Mdomo umerudi mahali pake, mguu mzima, mkono wa kushoto umebaki mzito kidogo kwenye kidole gumba. Watu wakiniona wanasema mashallah, umepona. Wasichokiona ni kwamba nampima mteja kiuno, nikigeuka kuchukua daftari namba sina. Mimi fundi cherehani wa miaka mingi hapa Makorora, vipimo vya magauni ya harusi nzima nilikuwa nakaa navyo kichwani. Na usiku silali. Naingia kitandani saa nne, saa saba macho makavu, halafu mchana nasinzia mguu uko kwenye pedali.

Sasa, ukiwa macho saa saba ya usiku, swali ni moja tu: ile dawa nimemeza au sijameza? Kuna aspirini, kuna ya mafuta kwenye damu, kuna mbili za presha. Mwanzoni ilikuwepo na klopidogreli, nayo kama aspirini ni ya kuzuia damu isigande, niliambiwa niinywe pamoja na aspirini siku 21 tu, basi, kwa sababu ukiendelea nazo zote mbili muda mrefu hatari ya kuvuja damu inazidi. Kurudia dozi ovyo ni hatari. Kuiruka nako ni kuipa presha nafasi, na presha ndiyo iliyonifikisha hapa. Basi nalala chali najaribu kukumbuka, na wa kukumbuka ni kichwa kile kile kilichosahau.

Hapo ndipo kisanduku kinapostahili sifa. Nawasha taa, naangalia chumba cha Jumanne usiku: kitupu. Nimemeza. Nazima taa. Usingizi hauji papo hapo, lakini lile la dawa limekwisha, na mara nyingi lilikuwa lile lile linaloniweka macho mpaka alfajiri.

Kengele je? Aliyenitegea ni kijana wa dukani. Nikamwambia dawa ya asubuhi nakunywa saa mbili, naye akabonyeza 2:00. Saa yenyewe inahesabu kizungu. Saa nane ya usiku, nyumba nzima imelala, na mimi siku hiyo ndiyo kwanza nimepata usingizi wa maana, kikaanza kulia mlio mwembamba wa kutoboa sikio. Mume wangu akaruka akidhani simu ya msiba. Binti akaja kuibadilisha 8:00, ikakaa sawa, lakini hata hivyo sioni kazi yake. Ya mchana inalia mimi niko kwenye cherehani. Naisikia, nasema ngoja nimalize pindo hili, nikimaliza sikumbuki kama ililia. Hairudii tena. Kinachonikumbusha ni chai. Kisanduku nimekiweka ubavuni mwa chupa ya chai, siwezi kumimina bila kukiona.

Vifuniko vimetengenezwa na mtu mwenye mikono miwili mizima. Kila kimoja kina kiulimi chembamba cha kuinulia kwa kucha, na lazima mkono mmoja ukamate kisanduku wakati mwingine unainua. Wangu wa kushoto haukamati vizuri, kisanduku kinateleza mezani, kifuniko kinafyatuka, kidonge chini ya kabati. Nimegundisha kipande cha jinzi chini yake, sasa kinatulia. Herufi za siku nazo ni za Kiingereza, T ziko mbili na S ziko mbili, na baada ya muda zimefutika kwa vidole vyenye mafuta. Nimebandika nyuzi: nyekundu asubuhi, buluu usiku. Ijumaa nimeiwekea uzi wa dhahabu, kwa sababu ndiyo siku binti anayojaza upya.

Kitu ambacho dukani hawakuambii: nenda nacho kliniki. Dawa zikiwa kwenye bahasha zake hakuna anayejua unazimezaje. Nesi wa presha alikifungua tu, akaona kile kidonge cha kupunguza maji mwilini kiko chumba cha usiku. Akaniuliza, mama, usiku unaamka kukojoa mara ngapi? Akakihamishia asubuhi pale pale, na safari za chooni zimepungua sana. Akauliza na kahawa. Nikamwambia ya baada ya Isha, na kashata. Akasema kahawa hukaa mwilini masaa mengi, niinywe kabla ya adhuhuri. (Hili limeniuma kuliko kupunguza chumvi.) Kisha akamgeukia mume wangu: anakoroma? Pumzi zinakatika katikati? Mume wangu akacheka, nesi hakucheka. Akasema waliopata kiharusi wengi hukatika pumzi usingizini bila kujua, na usingizi wa namna hiyo unapandisha presha na kuchosha kumbukumbu, maana ubongo hupanga ya mchana wakati umelala. Nimeandikiwa nikaonwe na daktari kwa hilo. Kisanduku hakitibu kukoroma, nisije nikaonekana nakipigia debe.

Jambo jingine ni hali ya hewa yetu. Joto la Tanga na unyevu wa bahari havipatani na vidonge vilivyotolewa kwenye karatasi zake. Aspirini ikipata unyevu inaanza kunuka siki. Ikifika hapo itupe. Kwa hiyo jaza ya wiki moja tu, usikiweke karibu na jiko, na muulize mfamasia kwanza, kwani viko vidonge visivyotakiwa kutolewa kwenye karatasi kabisa. Na wenye wajukuu wadogo mjue, mtoto atavifungua haraka kuliko mimi.

Mgonjwa aliyefika kiwango cha kusahau hata kukitazama, hiki hakimtoshi, anataka mtu wa kumpa dawa mkononi. Sisi wa katikati, tunaosahau na tunajua tunasahau, kinatufaa. Chukua cha 6,000. Na kabla hujalipa fungua vifuniko vyote kimoja kimoja pale pale kaunta, kwa mkono ulio dhaifu. Muuzaji akinuna, mwache anune.